Paa na Kilicho Chini ya Paa: Nyumba ya Kariakoo katika Historia Yetu

Waandishi wanaozungumzia nyumba ya Mswahili aghalabu huanza na mlango. Hilo si ajabu, maana mlango umenakshiwa, na mpiga picha hana haja ya kuinua shingo ili auone. Wengine huanza na baraza, kwa kuwa barazani ndipo mazungumzo yalipo. Mimi katika makala haya namwomba ndugu msomaji anifuate juu zaidi, mahali ambapo mgeni hatazami na mwenyeji haonyeshi, yaani ule upande wa ndani wa paa, baina ya ezeko na kichwa cha mtu aliyelala. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tukiisha kuingia ndani, na tuinue macho.

Tuanze na paa la kale la mji wenyewe. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alileta ufundi wa Unguja. Jengo lililobaki mpaka leo na kuitwa Boma la Kale, karibu na bandari, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake likawekwa paa la sakafu. Paa la namna hiyo lilianza na boriti za mikoko, ambazo nyingi katika pwani yetu zilitoka katika delta ya Rufiji. Boriti zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa sababu mti wa mkoko una urefu wake usiozidishwa kwa matakwa ya tajiri, upana wa chumba ulikuwa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, hata kama mwenye nyumba alikuwa na fedha za kujenga uwanja. Juu ya boriti yalipangwa mawe mepesi ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa zege ya chokaa na kokoto, kisha watu wakapanda na vipande vya mbao mikononi kulipiga sakafu siku nyingi mfululizo, kwa kuimba na kwa mwendo mmoja, mpaka chokaa ikashikana ikawa kama jiwe. Nataka msomaji alione jambo moja katika kazi hiyo. Hakuna aliyeuliza chini ya paa pawekwe nini. Paa zima lilikuwa ni tabaka juu ya tabaka, na unene wake ndio uliokuwa kinga ya jua.

Lakini hilo lilikuwa paa la wenye nacho. Umma wa Waswahili, pamoja na Wazaramo na Washomvi waliokuwako kabla ya sultani na mji wake, uliishi chini ya makuti.

Makuti yanastahili heshima kuliko yanayoipata. Watu wa siku hizi huyasema kama kwamba ni majani yaliyorushwa tu juu ya nyumba. Sivyo hata kidogo. Kwanza husimamishwa nguzo, na juu ya nguzo hulazwa miamba na mtambaapanya. Hapo hupandishwa kombamoyo, yaani zile nguzo nyembamba ndefu zinazoteremka kutoka mgongoni mwa paa hadi upenuni. Juu ya kombamoyo hufungwa fito kwa kamba ya makumbi, nazo hukaribiana kiasi cha kwamba fundi akipanda huweka mguu popote apendapo. Ndipo huja makuti yenyewe. Yako makuti ya kumba, ambayo ni tawi la mnazi lililosukwa, nayo hufaa uani na kuzungushia bafu. Ya kuezekea nyumba ya heshima ni makuti ya viungo, ambayo kila jani hukunjwa juu ya ufito mwembamba na kushonwa. Kazi hiyo, katika vijiji vingi vya Mrima, ilikuwa kazi ya wanawake na ya wazee, nayo ilifanywa jioni baada ya shamba. Kuti hupandana juu ya kuti kwa ukaribu, hata ukikata paa lililoezekwa vizuri ukalitazama ubavuni, utahesabu matabaka mengi ya majani mahali pamoja.

Hapa ndipo penye siri. Tabaka la juu hupokea mvua na kuitiririsha. Lililo chini yake huchukua unyevu unaopenya, kisha huukausha jua litokapo. Na yaliyo chini kabisa hayapati kuloa, bali hubaki makavu mwaka mzima yakizuia joto lisiteremke, ilhali moshi wa jiko na pumzi za walalao hupenya kupitia humo na kutoka nje. Kwa hiyo kuti moja lilikuwa ezeko, lilikuwa kizuizi cha joto, na lilikuwa njia ya hewa. Mtu aliyejenga kwa makuti hakuwa na sababu ya kununua kitu cha kuweka chini ya paa, maadamu kitu hicho kilikuwa kimeshonwa humo humo.

Kasoro zake hazifichiki. Makuti hudumu miaka michache tu, kisha hapana budi kuezua na kuezeka upya. Hukaribisha panya, na panya humkaribisha nyoka. Na adui mkubwa ni moto. Katika mtaa uliobanana, cheche moja kutoka jikoni ingeweza kuteketeza safu nzima ya nyumba kabla ya maji kufika. Mwinamo wake pia lazima uwe mkali, la sivyo maji hutuama na majani huoza. Sisemi, kwa hiyo, kwamba babu zetu walikuwa na paa lisilo na dosari. Nasema walikuwa na paa kamili.

Bati lilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya kukunja bamba la chuma mawimbi mawimbi, ili bamba jembamba liwe na nguvu ya kubeba uzito wake lenyewe, na katika miaka ya 1830 Mfaransa Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki lisishike kutu. Mabamba hayo mepesi, yanayopangwa kama kurasa za kitabu ndani ya jahazi, yalisambaa duniani pamoja na wafanyabiashara na majeshi. Wazungu walioyatumia katika nchi za joto waliyajua mapema maudhi yake, na kwa sababu hiyo nyumba zao hawakuziacha na bati tupu. Mtu akipita leo katika mitaa iliyokuwa ya maafisa wa Kijerumani upande wa bahari, na baadaye Oyster Bay ya Waingereza, ataziona nyumba zenye vibaraza vipana, dari za mbao, na nafasi kubwa ya hewa baina ya dari na ezeko, yenye matundu ya kupitishia upepo. Nyingi zilipewa vigae. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki vigae vingi viliagizwa Mangalore, India, na chini ya vigae mafundi waliweka mbao au, baadaye, karatasi nzito iliyopakwa lami, kwa kuwa kigae kinaweza kupasuka na tone likapita. Hicho ndicho kitu ninachokizungumzia, tabaka lile la pili lisiloonekana, linalofanya kazi wakati lile la kwanza linaposhindwa.

Sasa tuutazame upande wa pili wa mji. Tangu mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyoamua ni nyumba ya namna gani ijengwe wapi, na Waingereza waliofuata wakaugawa mji katika maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu, la pili la biashara na makazi, ambalo kwa kweli lilikuwa la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, watawala wakidai ni kwa ajili ya afya. Katika eneo la tatu mtu aliruhusiwa kujenga kwa chochote apendacho. Ruhusa hiyo ilionekana kama wema, na labda kwa mtu maskini ilikuwa wema. Lakini maana yake nyingine ilikuwa kwamba hakuna aliyejali kilichokuwa juu ya kichwa chake.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa katika vita. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na wale wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya vita wakapigishwa kambi mahali hapo. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa «Carrier Corps», ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi ndilo lililobaki.

Juu ya viwanja hivyo ikastawi nyumba ambayo wataalamu huiita nyumba ya Kiswahili. Ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, uani nyuma, na baraza mbele. Kuta zilikuwa za miti na udongo, nazo zile za kugawa vyumba aghalabu hazikufika kwenye paa. Hewa ilipita juu yake, na maneno vilevile, kiasi kwamba mpangaji wa chumba cha kwanza alijua mpangaji wa chumba cha tatu amekula nini na amegombana na nani. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili akapangisha vilivyobaki, na kwa wajane wengi wa mji huu kodi hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yao.

Makuti katika mji unaokua yalizidi kuwa ghali, kwani minazi ilikatwa ili kupisha nyumba, na makuti yakawa yakiletwa kutoka mbali. Hapo likaingia debe. Debe la mafuta ya taa, lenye ujazo wa galoni nne, lilipasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, kisha likapigiliwa juu ya fito kama magamba ya samaki. Bwana J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji huu katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, aliyakuta madebe na makuti na mabati yakiwa yamechanganyika katika mitaa ya Waafrika. Paa la madebe lilikuwa na kutu na lilikuwa na makelele, lakini lilikuwa na fahari yake, kwa sababu lilikuwa chuma. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya udongo na makuti katika sehemu kama Magomeni na kujenga vya saruji na bati. Kiwanda cha ALAF, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, kikawa kinatuezekea kutoka hapa hapa nchini. Neno «nyumba ya bati» likawa sifa. Katika posa, wazee waliuliza kama kijana ana nyumba ya bati.

Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotoa tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba tumeugua ugonjwa wa saruji na bati, tukidharau tofali la kuchoma na kigae ambavyo udongo wake tunaukanyaga. Nilipokuwa kijana niliyasoma maneno hayo nikayakubali yote. Sasa, kwa heshima zote, nayakubali nusu. Mwalimu alisema kweli kwamba kigae ni bora kuliko bati. Lakini mama wa Kariakoo aliyeota kuwa na bati hakuwa mgonjwa wa akili. Alikuwa amechoka kuezua kila baada ya miaka michache, na alikuwa ameona moto. Kosa letu, kwa maoni yangu, halikuwa kulitaka bati. Tuliagiza nusu ya paa tukadhani ni zima. Tulilitwaa lile tabaka la juu, linaloonekana kutoka barabarani, tukaliacha lile la chini ambalo wenyewe waliotuletea bati hawakuthubutu kulala bila hilo.

Mwenye kulaumiwa zaidi ni kodi ya chumba. Bati humwezesha mwenye nyumba kudai kodi kubwa zaidi, maana huonekana. Kilicho chini ya bati hakimwongezei hata senti moja, kwa hiyo hakinunuliwi.

Naijua habari hii kwa kuwa nimeilalia. Nyumba ya babu yangu, Kariakoo, ilikuwa na kipaa cha mbele cha madebe na kipaa cha nyuma cha makuti. Babu aliweka madebe mbele katika miaka ya 1950 kwa ajili ya majirani. Nyuma hakuna aliyeona. Mwaka 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati ambapo mabati yalikuwa adimu kuliko sukari, Baba Mkubwa alifanikiwa kupata ya kutosha nyumba nzima. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, kazi yangu ikiwa kuokota misumari. Fundi alipomaliza kunyoosha papi za kipaa cha mbele aliteremka, akamwamkia Bibi, akamwuliza Baba Mkubwa, «Mzee, chini yake tuweke nini?»

«Chini?» akajibu Baba Mkubwa. «Chini si sisi?»

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alisema makuti ya nyuma yasiguswe, bati liwekwe juu yake, na kati ya bati na makuti fundi aache nafasi ya kiganja. Baba Mkubwa akapinga kwamba ni ushamba, na kwamba makuti yataleta panya. Bibi akamwambia, «Mwanangu, wewe unaezeka nyumba ya kutazamwa. Mimi nimo ndani yake.» Ikafanywa alivyotaka, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake.

Msimu wa joto ulipofika, vyumba vya mbele havikukalika kuanzia saa tano hadi jua linapozama. Bati lilikuwa likitoa joto kama kikaango, na usiku, lilipopoa ghafula, umande ulishika upande wa chini na matone yakadondoka juu ya vyandarua, mbingu ikiwa na nyota tele. Mvua ya masika iliponyesha mtu hakusikia hata adhana. Wapangaji wa mbele walikuwa wakija kulala mchana katika ukumbi wa nyuma, chini ya yale makuti ya ushamba, na Baba Mkubwa naye pamoja nao, mkeka wake ukiwa wa kwanza kutandikwa. Haki itendeke lakini: panya walikuja, kama alivyosema.

Nilipokuwa mtumishi wa Serikali nililikuta jambo hili tena kwa sura nyingine. Katika ofisi moja niliyofanya kazi miaka ya 1990, paa lilibadilishwa, na mtu mmoja mwenye nia njema akashauri tuweke nailoni chini ya mabati ili kuzuia uvujaji. Nailoni ikakazwa barabara, bila mwanya. Msimu wa pili majalada yaliloa. Fundi alitafuta tundu wiki nzima asilione, kwa sababu halikuwapo. Pumzi za watu na unyevu wa pwani vilipanda, vikakutana na nailoni, vikageuka maji. Tulipofungua, mbao za kenchi zilikuwa zimeoza kiasi cha kubonyea kwa kidole. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Tangu hapo nimewauliza mafundi wengi, na haya ndiyo waliyonifunza, nami nimeyaona kwa macho. Karatasi ya lami hufaa chini ya vigae vyenye mbao, lakini chini ya bati katika jua la Dar es Salaam hulainika na kunuka, na ikiachwa bila kutegemezwa huning'inia. Karatasi ya alumini inayong'aa hurudisha joto vizuri sana, kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi wa Kariakoo hawalitaji: lazima uso wake unaong'aa uwe na nafasi tupu mbele yake, walau sentimita mbili au tatu. Ikigusana na bati hupokea joto na kulipitisha kama bati lenyewe. Vumbi likitanda juu yake hupoteza kazi, hivyo ni afadhali uso huo utazame chini. Silingi bodi na jipsamu hupendeza, lakini bila matundu ya hewa chini ya upenu, joto hufungiwa darini likateremka usiku watu wakiwa wamelala. Na yale mabamba ya asbestosi ambayo zamani yalisifiwa kwa ubaridi wake, na kuezekwa katika majengo mengi ya umma, leo yanajulikana kwamba vumbi lake huleta saratani.

Tulijaribu pia njia yetu wenyewe. Watafiti wetu wa ujenzi hapa Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, walishughulika na mabamba ya saruji yaliyotiwa nyuzi za katani. Lilikuwa wazo la kizalendo na la busara, maana katani tulikuwa nayo tele. Kilichowashinda ni kwamba ukali wa saruji huzila nyuzi za katani, na baada ya miaka bamba huwa jepesi kuvunjika. Baadaye shughuli za utafiti huo ziliwekwa mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001.

Paa moja la Kariakoo limenifundisha kwamba inawezekana. Ni lile la soko kuu, lililobuniwa na marehemu Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na kufunguliwa mwaka 1975. Amuli hakuweka bati wala dari. Alisimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea mbinguni, ili mvua ikusanyike ndani yake na kuteremka chini, na ubavuni akaacha wazi upepo upite. Mchuuzi wa nyanya alisimama chini ya kivuli kinene, kama mtu aliye chini ya mwembe. Moto wa Julai 2021 uliliteketeza soko sehemu kubwa, na baada yake likafanyiwa ukarabati na kuongezewa jengo jipya. Kila nipitapo hapo huinua kichwa kutazama miavuli ile, na wabeba mizigo hunisukuma kwa kuziba njia.

Nyumba ya Babu haipo tena. Bibi alifariki, warithi walikuwa wengi, na kiwanja kikauzwa kama vilivyouzwa karibu vyote katika mtaa ule, pakajengwa ghorofa. Siku ya kubomoa nilikwenda. Mabati ya mbele yaliteremshwa yakiwa yametoboka kwa kutu upande wa chini, kule kulikokuwa kukidondosha umande. Vijana walipoling'oa bati la nyuma, makuti yalikuwapo, meusi kwa moshi wa miaka mingi, yameliwa na panya huku na huku. Nililivuta moja. Majani yalikatika mkononi, lakini ushonaji ulikuwa bado umeshika ufito wake. Mmoja wa wale vijana akaniuliza kama nalihitaji, maana mamantilie wa upande wa pili wa barabara alikwisha kuyaomba yote ya kuwashia moto.

Nikamwambia ampelekee.